Mtu wa Mikono Minne

Munje, Msambweni
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwa kaka yangu mpenzi Alfani bin Chande, Muscat.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo kaka. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hafsa na watoto, na kwamba lile joto la huko, uliloniambia kuwa mtu anaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari, limepungua angalau kidogo. Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema ukiinua mzigo unasikia kama umechapwa bakora kiunoni. Usidharau, kaka. Baba alianza hivyo hivyo, naye akadharau.

Sisi huku, ukitutazama kwa mbali, hatujambo. Dada yetu Husna yuko Bongwe na mumewe, amejaliwa mtoto wa nne na amempa jina la mama. Huyo Mwanapili mdogo ana sauti ya bibi yake kabisa. Akilia, jirani wa nyumba ya tatu anatoka nje kuuliza kuna nini. Mihogo imekubali mwaka huu. Mbuzi wawili wamezaa. Mimi nakula, naenda msikitini, na nikiulizwa hali nasema Alhamdulillahi kama watu wote. Lakini mimi si mzima, kaka, na kabla hujaimaliza barua hii utaujua ugonjwa wenyewe.

Utashangaa kupata barua ya mkono na hali kila Ijumaa tunazungumza kwenye simu. Ndiyo sababu hasa. Kwenye simu wewe una haraka na mimi ni mwongo. Ukiniuliza swali nisilo na jawabu lake, mtandao hukatika, na mara nyingi mtandao huo huwa ni kidole changu. Karatasi haina pa kubonyeza. Nimempa Twaiba wa hapa jirani, anayerudi huko kazini keshokutwa, nami nimemsihi akutie mkononi wewe mwenyewe.

Tangu mama azikwe umeniuliza mara tatu mbona fundi hajaanza kujenga. Ulitaka ukuta mfupi uyazunguke makaburi mawili, la baba na la mama, na kibao kimoja cha marumaru kiwekwe katikati, majina yao wote wawili. Mara ya kwanza nilikuambia fundi anaumwa. Mara ya pili nikasema mvua. Mara ya tatu nikamsingizia shekhe wetu kwamba hapendi makaburi yajengewe, naye masikini hata habari hana. Fundi ni mzima kuliko mimi. Mvua ilikatika zamani. Na kibao kimeshachongwa, kizuri, herufi zimekaa sawa. Kiko chini ya kitanda changu ndani ya gunia, na kila nikijilaza najua kipo.

Nitakueleza kwa nini. Ila siwezi kuanzia kaburini, sina ujasiri huo bado. Niache nianzie Mirihi.

Unakikumbuka kile kitabu? Baba alikileta kutoka hoteli ya Diani alikokuwa akitunza bustani. Mgeni mmoja alikiacha kando ya bwawa la kuogelea, kimelowa, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Wewe ulikuwa kidato cha pili, mimi darasa la nne. Kila alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani ulikuwa ukikisoma Kiingereza chake kimoyomoyo kisha unatusimulia kwa Kiswahili. Dunia nyekundu iliyozeeka. Bahari zake zimekauka, imebaki chumvi. Mifereji ya mawe inayokwenda mwendo wa siku arobaini bila tone la maji, na mwisho wake kisima kimoja tu, kinacholindwa na watu wa mikono minne, warefu kama minazi, ambao hawacheki isipokuwa vitani. Kurasa zilipokwisha wewe hukukoma. Uliendelea kutoa kichwani kwa miezi mitatu, na mimi sikujua kitabu kiliishia wapi na wewe ukaanzia wapi. Mpaka leo sijui.

Baba alijidai hasikilizi, anasuka makuti yake tu. Kumbe anasikia kila neno. Siku moja akauliza, kwa kuwa Mirihi ina miezi miwili, watu wake wanafunga Ramadhani kwa mwezi upi. Ukakwama, kaka, mara yangu ya kwanza kukuona umekwama. Baba akasema sisi tuna mwezi mmoja tu na kila mwaka tunagombana nani ameuona, sembuse miwili. Hao watu wa Mirihi hawakumalizwa na kiu, walimalizana wenyewe wakibishania Idd ni lini. Mama naye, kutoka jikoni, akasema nchi isiyo na mnazi yeye asitajiwe kabisa, watu wake wanaungia nini mchuzi? Tulicheka mpaka ukadondosha kitabu.

Basi tukawa tunacheza Mirihi kule shamba la juu, kwenye udongo mwekundu. Wewe shujaa uliyeanguka kutoka duniani, mimi mtu wa mikono minne, nimefungwa mabua mawili ya mahindi mbavuni. Siku zote mtu wa mikono minne alikuwa mimi, kwa kuwa kitabu kilikuwa chako. Sikulalamika. Niliyapenda yale mabua kuliko mikono yangu.

Na ni shamba hilo hilo tulikomzika baba miaka kumi na mmoja iliyopita. Wewe ndiye uliyeshuka ndani kumpokea na kumlaza mwanandani. Tukaweka mawe mawili ya matumbawe, la kichwani na la miguuni, na mama akawa akiyapaka chokaa kila Shaabani. Hakutaka jina liandikwe. Alichotaka ni kitu kimoja, na alinirudia mimi kwa kuwa ndiye niliyebaki nyumbani: siku yake ikifika, alazwe ubavuni mwa baba. Kaka, wewe na mimi hatujapata kumsikia mama akituomba leso wala kiatu. Aliomba hilo tu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, alikuja Kavumbi wa Ukunda, yule kijana wa Kiduruma ambaye kazi yake ni kuwatafutia wapiga picha za sinema mahali pa kupigia. Alikuja na gari la Nairobi na watu watatu. Wanatafuta ardhi nyekundu, pana, isiyo na nyumba. Walikuwa wamezunguka mpaka Matuga hawakuridhika. Walipofika shamba letu la juu, karibu na yale machimbo ya zamani ya kifusi cha barabara, yule mwanamke mrefu aliyekuwa mkubwa wao, ndiye mwelekezi wa sinema, aliteremka garini akachota udongo ule kiganjani. Nikamuuliza Kavumbi sinema yenyewe inahusu nini. Akaniambia, na Kiswahili chake unakijua kilivyochanganyika, kwamba ni story ya Mars, mzee, kuna msee anaanguka kule, halafu kuna majamaa wana mikono minne wanamwandama vibaya.

Nilikaa chini, kaka. Nilikaa pale pale mchangani kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Miaka thelathini imepita, na Mirihi imekuja yenyewe mpaka shambani kwetu kunitafuta. Nilishika simu nikupigie, kisha nikasema ngoja. Nitamshangaza kaka. Picha itoke, aitazame huko Muscat, anione mimi. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na nataka ulijue mapema, maana baadaye utatafuta sababu nyingine na hutaipata.

Walilitaka shamba kwa miezi miwili. Mama alikubali kwa sharti moja, baba asikanyagwe. Aliniapisha mbele ya Husna, kisha kwa sababu ya vumbi na makelele tukampeleka Bongwe akakae huko mpaka wamalize. Alipokuwa akipanda gari alinirudia tena: Issa, baba yako. Nikamwambia mama, mimi nipo.

Siku za mwanzo zilikuwa raha ambayo sijapata kuiona tangu utotoni. Walichagua wanaume themanini kutoka Ukunda, Msambweni na huku kwetu, na mimi, mtu mzima mwenye mvi za kidevu, nikawekwa kiongozi wao. Mwelekezi alisema nakimbia kama mtu aliyewahi kuishi Mirihi, akataka kujua nilifunzwa na nani. Nikasema nilifunzwa na kaka yangu. Mikono ya chini ilikuwa ya mpira, imeungwa na viwiko vyetu kwa nyuzi nyembamba, ukiinua wako na ule mwingine unainuka. Wakati wa kula pilau ungetuhurumia. Na Adhuhuri tuliposwali, tulipoinua mikono kutoa takbira, yote ikainuka; safu ya watu kumi, mikono arobaini. Nilicheka ndani ya sala, Mungu anisamehe, na aliyekuwa ubavuni mwangu naye akacheka, tukarudia sala yetu upya.

Kuna siku mbili za kazi ile ambazo ninaziruka hapa. Nitazirudia. Nakuomba uvumilie woga wangu.

Walipoondoka, mama alirudi. Kabla hajavua buibui alitaka kupelekwa juu. Shamba lilikuwa jipya machoni pake, limesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa, na mawe mawili yamesimama meupe peke yake. Alikaa, akatandaza kiganja juu ya udongo, akauliza mbona umekuwa laini hivi. Nikamwambia ni mvua. Akaitikia. Tangu hapo kila Alhamisi alasiri, kwa muda usiopungua mwaka na nusu, nilimpeleka kumsomea baba Yasini. Hata miguu ilipoanza kuvimba nilimpakia kwenye bodaboda, naye analaumu njia nzima kwamba dereva anaendesha kama anafukuzwa. Akimaliza kusoma alikuwa akipigapiga jiwe la kichwani mara mbili, taratibu, kama alivyokuwa akimpiga baba begani kumwamsha alfajiri. Mimi nilikuwa nikisimama mbali na kujifanya natazama mbuzi.

Alifariki mwezi wa sita, wiki mbili baada ya Idd kubwa, hayo unayajua. Usilolijua ni lililotokea shambani asubuhi ile, wakati mama bado yuko nyumbani anakoshwa na wewe uko kwenye simu na Husna mnalia. Kaburi alilichimba mzee Chirau, ambaye ndiye aliyechimba la baba. Mchimbaji akichimba jirani na kaburi la zamani huogopa ukuta wa upande ule, kwa kuwa ardhi iliyowahi kufunguliwa hubaki dhaifu na inaweza kumwangukia. Kwa hiyo alipofika kimo cha kiuno alichukua mtaimbo akaupima ukuta wa upande wa baba. Akapiga hapa, akapiga pale. Kisha akaniita nishuke nimsaidie kutoa udongo, na haikuwa kweli kwamba alihitaji msaada.

Tulipokuwa wawili ndani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ule udongo laini wa juu ni wa kumwagwa tu, ila huku chini mtaimbo unakataa kila mahali. Kwamba ardhi hii haijapata kufunguliwa tangu Mungu alipoiumba. Kwamba ubavuni hapa hakuna mtu. Aliniuliza baba yangu yuko wapi. Nikainama nikachota udongo. Akaniambia mwanangu, kuchimba ni kazi yangu, kusema ni kazi yako, na akapanda juu, akakaa, akafuta jasho kwa kanzu yake. Jeneza lilikuwa bado. Watu walikuwa msikitini. Nilikuwa na wakati wa kutosha, kaka, wakati mwingi mno, na watu wa kunisaidia kutafuta kila kona ya shamba lile kabla ya maziko. Nikamwambia mzee Chirau aendelee.

Sasa zile siku mbili.

Siku ya kwanza walitaka kupiga picha ya vita vikubwa. Watu wa mikono minne themanini wanateremka kutoka kilimani, wanavuka uwanda mzima wakipiga mayowe, na mimi mbele. Mwelekezi alitazama kwenye mashine yake, kisha akaonyesha vitu viwili vyeupe katikati ya uwanda. Alimtuma Kavumbi aniulize ni nini, na Kavumbi alinieleza wazi kabisa: ikiwa ni kaburi, basi hawataligusa, watageuza kamera upande wa machimboni, na mbio zile zitapigwa huko na kikundi kingine cha vijana wa sarakasi kutoka Ukunda, kwa kuwa kule kuna kuruka mashimo na mimi nimezidi umri. Alisema hivyo kwa adabu. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenidanganya. Watu wale nisiwatie maneno.

Nikasema si kaburi. Nikasema ni mawe ya mpaka.

Nimeandika, kaka. Sikujua kama mkono utakubali. Nilimkana baba mbele ya watu baki, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, ili nikimbie mimi na si vijana wa sarakasi. Nikayang'oa mawe kwa mikono yangu. Ya mpira nayo iliinama kila nilipoinama, kana kwamba tuko wawili katika kazi ile. Kabla sijayang'oa nilihesabu hatua thelathini na saba kutoka ule mkorosho wetu mkubwa, nikalenga na kichuguu cha upande wa pili, nikaona nimekuwa mjanja sana, jioni nitarudisha, nani atajua. Nikayafunika mawe kwa gunia nyuma ya gari la maji.

Tulikimbia mara sita. Mwelekezi hakuridhika mpaka mara ya sita. Watu themanini, kaka, mara sita, na kila mara mtu wa kwanza kupita juu ya baba alikuwa mimi. Nilipiga mayowe yale uliyonifunza wewe. Baada ya mara ya sita wote walipiga makofi, na mimi nilifurahi. Siwezi kukudanganya hata hapo. Nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Jioni ile mawe sikuyarudisha, kwa kuwa walisema kesho wanarudia kipande kidogo. Siku ya pili nilichukuliwa alfajiri kwenda Diani kubandikwa mikono upya, kazi ya saa nne. Huku nyuma, walipotazama picha za jana, wakaona kivuli cha mkorosho kinaingia saa za alasiri. Wakamwambia Kahindi, dereva wa tingatinga, aung'oe, na akiwa hapo hapo akilaze kichuguu, aupige uwanda wote, na amwage kifusi chekundu kutoka machimboni ili rangi ilingane. Miti walikuwa na ruhusa yangu ya kuing'oa, na kuhusu kaburi, mimi mwenyewe nilisema halipo. Kahindi alifanya kazi yake vizuri, hakuacha hata tuta. Niliporudi saa nane, nimevaa mikono minne, nilisimama pembeni ya Mirihi. Haikuwa shamba letu tena. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kuanzia kuhesabu.

Walipoondoka nilitafuta siku tatu. Nilitembea thelathini na saba kutoka kila mahali nilipodhani mkorosho ulisimama. Kuchimba sikuthubutu, nilikuwa na hofu nitampiga baba jembe. Siku ya nne Husna alipiga simu kwamba mama amechoka kungoja, anarudi kesho. Nikayapaka mawe chokaa, nikayasimamisha mahali ambapo macho yangu yalinidanganya kwamba ndipo, nikamwambia Mungu, wewe unajua. Hiyo ndiyo Yasini ya mwaka na nusu. Hilo ndilo jiwe alilokuwa akilipigapiga.

Picha ilitoka mwezi wa pili mwaka huu. Sikukuambia, na sasa unajua kwa nini. Nilimwomba Kavumbi anitilie kwenye simu, nikajifungia nayo chumbani. Sikujitafuta mimi. Nilidhani nikiisimamisha pale tunapoanza kuteremka, siku ya kwanza, nitauona mkorosho, au kichuguu, au hata kona ya shamba la jirani, nipate pa kuanzia. Niliisimamisha na kuiachia, nikaisimamisha, mpaka simu ikawa moto mkononi. Kaka, wameondoa kila kitu kwa kompyuta. Mahali pa mkorosho kuna mnara wa mawe uliobomoka. Mahali pa kichuguu kuna mfereji mkavu unaokwenda mpaka upeo wa macho. Mbinguni kuna miezi miwili. Ni Mirihi yako hasa, kama ulivyotusimulia, na ingekufurahisha. Sisi themanini tunaonekana muda wa kuvuta pumzi tatu, vumbi tupu, na nani ni nani hata mama mzazi asingejua. Nilimtafuta baba humo siku nyingi. Baada ya maziko ya mama nimemtafuta tena.

Basi hiyo ndiyo sababu fundi hajaanza. Nikimruhusu, uwongo wangu utakuwa na ukuta na jina. Husna hajui. Leo ni Alhamisi, amekuja na watoto, wamewasomea wote wawili, mtoto wake wa pili akaegemea lile jiwe akila embe, mimi nikasimama kwa mbuzi wangu. Mzee Chirau tukikutana msikitini ananipa mkono na hasemi kitu. Anangoja. Nimemwogopa kuliko watu wote, na sasa namwogopa zaidi kwa sababu nitamwambia nini, kwamba nimesema lakini nimemwambia mtu aliye ng'ambo ya bahari?

Kama unakumbuka chochote siku ile uliposhuka kumpokea baba, ulipoinua kichwa uliona nini mbele yako, niandikie. Kama hukumbuki, usijilazimishe kwa kunihurumia. Ukitaka Husna aambiwe, mwambie wewe, au niamuru nimwambie nami nitakwenda Bongwe siku hiyo hiyo. Ukitaka kutozungumza nami tena, sitakupigia. Nakuomba jambo moja tu, usiniandikie kwamba Mungu anajua baba alipo. Hilo kila mtu analijua. Mama alilijua maisha yake yote, na bado aliomba alazwe karibu naye.

Mama ukimsomea Fatiha, moyo wako una pa kuelekea. Yuko pale, namjua alipo, peke yake. Baba msomee popote utakaposimama. Hapo ulipo Muscat hupo mbali naye kuliko mimi ninayelala na kuamka juu ya ardhi aliyozikwa.

Nifikishie salamu kwa shemeji Hafsa, na watoto uwashike vichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu. Majirani wa hapa wanakusalimu, na Husna anasema usisahau kumtazama mwanawe mwenye jina la mama utakapojaliwa kuja. Mwenyezi Mungu akulinde na akuponye mgongo wako.

Wassalamu alaikum.

Ni mimi ndugu yako,
Issa bin Chande